Sentensi Tatu za Kijitabu

Kijana wa ofisi ya utalii alipita dukani jana,
akanunua dawa ya kikohozi, akasitasita mlangoni:
"Bi Remei, si wewe ndiye unayepima mvua?
Tuandikie sentensi tatu juu ya hali ya hewa,
za kijitabu cha wageni. Fupi. Tamu."

Fupi naweza.

Mji wetu ni kikombe kilichomeguka mdomo:
milima mgongoni, miamba kulia na kushoto,
na pale palipomeguka ndipo bahari inapoingilia.
Nyumba mia nne na kumi.
Zinazofuka moshi Januari, sitini na mbili.
Nilizihesabu nikiwa juu ya paa la duka,
siku ambayo hakuja mteja hata wa aspirini.

Kipimo kiko huko huko juu, bomba la kioo ndani ya ndoo,
na daftari la bluu, sasa ni la tatu.
La kwanza alilianza baba.
Mwandiko wake umeinama upande mmoja
kana kwamba naye alisukumwa na tramuntana.

Tramuntana hamtaijua, wageni.
Huteremka milimani kavu, safi kama kisu kilichotoka kunolewa,
siku tatu, au sita, au tisa, ndivyo wasemavyo;
mimi nimeandika nne, nimeandika saba.
Hung'oa vigae. Mbwa hawabweki.
Mke na mume huacha kugombana kwa kuwa hawasikizani.
Narcís aliondoka siku ya tano ya upepo mmoja wa Februari,
nyuzi tatu, anga la bluu la kutisha,
na mpaka leo sijui alichochoka ni upepo au ni mimi.
Daftarini niliandika: mvua, hakuna.

Aprili mtu hufungua madirisha ya hoteli
moja baada ya jingine, kama anayeamsha watoto wengi.
Mei hunyesha matope: upepo wa kusini
huvusha jangwa zima juu ya maji
na magari meupe yote huamka na madoa ya kutu.
Nilikusanya kijiko kimoja cha vumbi lile,
nikalitia katika chupa ya vidonge, nikabandika lebo:
Sahara. Tumia kabla ya—
nikapaacha wazi.

Juni mnafika na ngozi za maziwa.
Wiki ya pili mnakuja kwangu wekundu, mkinong'ona, mkitaka malhamu.
Agosti hakuna kivuli kisicho na mwenyewe.
Joto hupanda ngazi nyuma yangu,
hulala kitandani, upande ule.

Mwaka juzi chemchemi ya uwanjani ilikauka.
Assumpta alibeba beseni la maji ya vyombo
ghorofa mbili, akamwagilia jirani zake maua;
na usiku, taa zikiwa zimezimwa,
lori la maji lilijaza bwawa la hoteli.
Kila mtu alilisikia. Hakuna aliyelisikia.

Kisha Oktoba, alasiri moja,
milimita mia moja arobaini na moja.
Ndoo ilijaa nikaimwaga, ikajaa nikaimwaga,
nikihesabu kwa sauti nisije nikakosea.
Mto mkavu, uliowekewa mistari ya kuegeshea magari
na mashine ya kulipia,
ukakumbuka kuwa ni mto.
Magari saba yalikwenda kuogelea.
Mashine nayo ikaenda, na sarafu zake zote.

Basi nimeandika hivi:

Jua lipo siku nyingi.

Bahari hubaki na joto hadi mwisho wa Oktoba, mkiwa mmeshaondoka.

Ya tatu nimeiandika, nikaifuta,
nikaiandika tena kwa kalamu ya wino,
kwa mwandiko ulioinama:

Msiegeshe gari mtoni, hata ukiwa mkavu.