Sarafu ya Mia

Uwanjani, juu ya meza na mfuko wa mchanga,
nilikuwa fundi: matundu matatu, kiganja kimoja kinayafunika.
Shambani Dabaga, nguruwe pori ndani ya mahindi yenye umande,
nilisimama kama nguzo ya umeme, nikafyatua,
nikakiua kichuguu.

Shangazi Sekalinga hakucheka.
Ningependa angecheka.
Miaka kumi na tisa alikuwa askari wa wanyamapori,
goti lake la kushoto huijua mvua kabla ya redio.
"Meza umeiacha wapi?" akaniuliza.
"Basi kuanzia leo meza ni wewe."

Akanilaza kifudifudi kati ya matuta ya viazi,
visigino chini, visisimame kama masikio ya sungura.
"Mfupa ubebe mzigo. Nyama huchoka,
mfupa hauombi likizo."
Baridi ya Juni ikapenya vifungo vya koti hadi kitovuni.
Kisha kuketi, viwiko vikiingia ndani ya magoti,
si juu ya pia, maana mfupa kwa mfupa
huteleza kama mayai mawili.
Kisha goti moja. Kisha, kwa shingo upande,
kusimama, na fimbo tatu za mlanzi
alizozifunga kwa mpira wa baiskeli.
"Kusimama ni deni," alisema. "Kope ukikosa pa kukaa."

Siku nne hakunipa risasi.
Aliichungulia chemba mara mbili, tupu,
akaweka sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu.
"Vuta triga. Isianguke."
Ikaanguka.
Ikaanguka kwenye majani ya viazi, ikaanguka kwenye buti,
moja ikapotea kabisa, akaleta nyingine.
Watoto wa Mhapa, wakipita na kuni,
walinihesabia kwa sauti.
"Toa pumzi nusu, kaa hapo.
Kidole kikamue, usikivute.
Ng'ombe mwenye kidonda kwenye chuchu unamkamuaje?"

Siku ya tano akapakia mwenyewe, kanipa mgongo.
Debe liko juu ya kisiki cha mpaini. Nikakamua:
ta.
Basi, ta tu.
Lakini bega langu lilikuwa limeshakimbia,
macho yamefumba, mtutu umeinamia udongo.
Ganda tupu. Alinipakia ganda tupu!
"Bunduki haijakupiga," akasema. "Nani kakupiga?"

Nililala na swali hilo.
Baba, kaka yake, alikuwa na mkono mwepesi;
nilijifunza kufumba kabla ya kofi
kabla sijajifunza kufunga kamba za viatu.
Sikumwambia.
Asubuhi aliiweka sarafu juu ya mtutu
polepole mno, kama amfunikaye mtoto shuka,
akakaa pembeni, hakusema neno,
nayo ikatulia pale, ikiangaza jua dogo la Kilolo.

Dume alikuja Julai, alfajiri, akitokea bondeni.
Niliketi. Viwiko vikapata makao yao.
"Nyuma yake kuna nini?"
"Ngema."
"Haya."
Teke la bunduki silikumbuki.
Nakumbuka niliona kila kitu,
macho wazi, mpaka magoti yake yalipokunjika.

Viazi tulivichimba Agosti.
Jembe la shangazi likagonga kitu: sarafu, nyeusi kwa udongo.
Nikanyoosha mkono.
Akaifuta kwenye kitenge, akaitia mfukoni.
"Hii yangu," akasema. "Chimba."