Mluzi

Siku tisa Namichiga hapakutikisika jani.
Ufuta wetu umekwishapigwa, umelala juu ya turubai
pamoja na makapi yake, kama ndugu waliogombana
wakalazwa kitanda kimoja.
Karani wa ghala hapokei ufuta mchafu,
na mnada ni Jumatatu.

Mama Chinguile, ameketi juu ya kinu kilicholazwa,
jasho linamtoka mpaka kwenye nyayo,
akaniambia: Piga mluzi, Hokororo,
wewe una pengo, upepo utasikia.

Nikapiga.
Mluzi mwembamba, wa aibu,
wa mtu mzima anayeita kitu asichokiamini.

Ukaja.
Kwanza kwenye kanga iliyoanikwa,
kisha kwenye shingo zetu, ahaa,
kisha kwenye ungo: tukainua, tukamwaga,
mbegu zikashuka zikinong'ona,
makapi yakaondoka bila kuaga.
Watoto wakavua mashati. Mtu akacheka.
Nikausifu upepo kama asifiwavyo mkwe mpya.

Saa tisa nikanusa.

Ng'ambo ya korongo Likwata alikuwa anachoma visiki.
Moto mdogo, wa adabu, ameuzungushia njia ya jembe,
debe la maji pembeni. Hakukosea.
Hakukosea, nililisema hilo hata mbele ya mtendaji.
Ila upepo, ulipomaliza kwangu, ulikwenda kwake,
ukanyanyua kaa moja
vile vile ulivyonyanyua kapi.

Mikorosho sitini ya Somoe,
imeshika maua, salfa ya mkopo bado iko majanini.
Ikawaka kwa mlio wa kikaango.
Tulikimbia na matawi mabichi ya kupigia moto;
matawi yakawa mienge mikononi mwetu.
Harufu ile ya salfa ilikaa kooni siku tatu,
hata uji ulikuwa nayo.

Usiku upepo ukalala, umeshiba.
Visiki vya Likwata, vile alivyotaka viungue,
asubuhi tulivikuta vizima.

Leo joto limerudi. Jani halitikisiki.
Magunia sita tayari, mawili bado yana makapi.
Somoe amekuja kutusaidia, hakuna aliyemwita,
ameshika ungo upande wa pili,
majivu kwenye kucha zake.
Hajasema neno.
Tumesimama, ungo juu, mikono inatetemeka,
na kila mmoja
anautazama mdomo wa mwenzake.