Mgongo Ule

Nugzar alinijia alfajiri, Kutaisi,
honi mbili, kisha ya tatu makusudi,
ya kumwamsha mama mkwe wangu.
Niva yake ina umri wa ndoa yangu,
na kama ndoa yangu, mlango wa kushoto
haufunguki mpaka uuambie neno zuri.
Juu ya dashibodi, karatasi ya daftari la hesabu:
maeneo matano, mwandiko wa mtoto.
Tuliyaandika tukiwa na miaka kumi na mmoja,
tukaapa tutayafikia tukishapata leseni.
Leseni tulipata. Tukapata na kisukari,
wajukuu, talaka moja (yake), presha (yangu).

Filamu yenyewe tuliitazama mara arobaini na mbili.
Baba yake alikuwa mwendesha mitambo
wa sinema ya kiwanda, kule Zestafoni.
Tulikaa nyuma ya mashine tukinusa joto lake,
na kila mara, yule mwanamke wa koti jeusi
akifika katikati ya daraja,
mkanda uliungua. Pale pale.
Pazia jeupe, miluzi, taa,
watu wakaenda kulala.
Hatujui kama alivuka.

Stesheni ya mwanzo siku hizi wanauza matairi.
Kijana wa hapo, Beka, hajawahi kuisikia filamu hiyo
lakini alitusogezea matairi sita tupate pa kusimama.
Nugzar akaunda fremu kwa vidole vinne, akafumba jicho:
"Hapa. Hapa ndipo barua ilipomdondoka."
Mimi niliona mafuta ya grisi.
Yeye aliiona barua.

Pa pili pamemezwa na bwawa.
Tulirusha vijiwe majini, tukikisia
kipi kitagonga paa la kinu.

Pa tatu tuligombana, na sisemi kwa nini.
(Ramani. Kisha mke wake wa zamani.)
Kilomita themanini bila neno,
mpaka ng'ombe wakajilaza katikati ya lami,
wakatutazama kama mahakimu,
na mmoja wetu, sikumbuki nani, akacheka.

Pa nne tulipapita bila kupajua.

Likabaki daraja, huko Racha,
nyaya mbili na mbao kama meno ya punda mzee.
Kando yake mwanamke anauza jozi,
zile za kuvunjwa kwa nyundo,
kazitunga uzini, kazichovya kwenye uji wa zabibu.
Tulianza kula kabla ya kuuliza bei.
"Mmefuata filamu," akasema. "Jina langu Pupuna.
Anayelivuka daraja ni mimi.
Yule nyota wenu alichungulia chini mara moja,
akatapikia kofia ya mwongozaji.
Wakaniita, nakamua. Wakanivika koti lake.
Wakasema: nenda, usigeuke.
Ujira blanketi moja na vipande vitatu vya sabuni."

Nugzar akaacha kutafuna.
Namjua. Miaka hamsini
ameoa, ameacha, amelewa, ameandika barua asizozituma,
akiutafuta mgongo ule kwenye kila foleni ya mkate.

Nikauliza mimi, maana yeye hakuweza:
"Ulivuka?"

"Nyumba yangu iko ng'ambo.
Nisingevuka ningelala wapi?"

Akafunga meza yake, akachukua ndoo,
akalikanyaga daraja.
Nugzar akainua vidole kuunda fremu,
akavishusha.
Bega la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto,
vile vile, Mungu wangu, vile vile.
Alipofika katikati nikajikuta
nanusa hewa, natafuta harufu ya mkanda unaoungua.
Ubao ukalia. Akaendelea.
Akaendelea mpaka mwisho, kwenye majani.

Kisha akageuka, jambo ambalo halikuandikwa,
akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele:
"Jozi hamjalipa!"

Na Nugzar, mtu asiyepanda hata ngazi
ya kubadilisha balbu,
akatoa pochi,
akaujaribu kwa mguu ubao wa kwanza.