Sababu ya Safari

Bibi Elinsia ameshuka tena kutoka Kibosho,
viatu vina udongo mwekundu hadi kwenye kisigino,
kaketi kwenye kiti changu cha plastiki, kile kilichoshonwa kwa waya,
kati ya mashine ya fotokopi na rundo la kadi za harusi.
Soma, akaniambia. Ila usisome kama karani.

Nikasoma.
Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita kupita siku ya kurudi.
"Na mimi mwenye miaka sabini na minne,
wananidai uhai wa miezi mingapi?"
Tiketi ya kurudi, iwe imelipwa.
Mahali pa kulala, pawe na anwani.
Fedha za kumtosha mgeni kwa kila usiku.
Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
"Hiyo ninayo," akaichomoa kifuani,
imekunjwa ndani ya leso pamoja na risiti ya dawa ya kahawa.
Walimchoma pale Mawenzi, mkono ukavimba siku mbili,
na majani ya ng'ombe alikata vilevile.

Pasipoti yenyewe ilimla wiki tatu.
Cheti cha kuzaliwa hana:
mama yake alikumbuka bei ya kahawa ya mwaka ule,
tarehe hakuikumbuka.
Wakili akamwandikia kiapo, elfu thelathini.
Mashine ya vidole ikavikataa vidole,
jembe na utomvu wa migomba vimefuta michirizi yote.
Kijana wa uhamiaji akavipaka mafuta, akavifuta, akavibonyeza,
akavizungusha polepole
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu.

Sasa fomu.
Sababu ya safari. Visanduku vinne:
Utalii. Biashara. Mkutano. Kupita njia.
"Andika: binti yangu amejifungua."
Kisanduku hicho hakipo, Bibi.
"Huko kisiwani hawazai?"

Aikande anaoka keki katika hoteli ya huko,
kisiwa ambacho mama yake hulitaja jina lake kama anayekohoa.
Mtoto ana siku kumi na moja.
Nani anamchemshia mzazi maji? Nani anamkanda tumbo?
Nikabofya Utalii.
Hatukutazamana.

Muda wa kukaa: siku thelathini.
"Ngosi ni miezi mitatu."
Nikanyamaza, nikashuka chini ya ukurasa.
Hairuhusiwi kuingiza: ndizi mbichi.
Nyama. Maziwa. Siagi isiyofungwa kiwandani.
Nilikuwa nimeshausoma mtori wote, kiungo baada ya kiungo,
ndipo nikainua macho.
Mwiko wa mti?
Utakaguliwa, Bibi, wanaogopa dumuzi.
"Na jani la sasale?"
Ni mmea.
"Sasale si mmea. Ni neno."

Umeme ukakatika, ukarudi.
Fundi cherehani wa jirani akamtukana mtu kwa simu.
Kulikuwa na ushauri pia, nikausoma ili pajae sauti:
vaa nguo nyepesi, jihadhari na jua la adhuhuri,
usikanyage matumbawe, maji kunywa ya chupa.
Hakusikia hata moja.

"Wanayo migomba?"
Nikatafuta. Ikaja picha: migomba mitano nyuma ya ukuta,
imekonda, majani yamechanwachanwa na upepo wa chumvi.
Akavaa miwani. Akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kioo,
akaikagua kama anayemkagua mchumba wa mwanawe.
"Haijawahi kuonja samadi," akasema.
Kisha, baada ya muda:
"Lakini imezaa."

Akafungua fundo la kitenge, akahesabu sarafu mezani.
Nakala moja nyeusi na nyeupe ni mia mbili, nikamwambia,
ya rangi ni elfu moja.
"Fomu zao nyeusi," akasema.
"Migomba, rangi."