Siku Niliyomfuta Mama

Sikumfuta kwa chuki.
Ilikuwa saa kumi alasiri, Isevya, umeme umerudi,
feni inazunguka kama mtu anayetafuta neno,
na katibu, Mzee Kapela, yuko kwenye simu:
"Binti, chama kimevunjika. Kitoe humo kwenye mashine."

Nikakitoa.
Mstari mmoja, nukta, basi.
Nikafungua orodha nione kilichosalia.
Hakikusalia kitu.
Warina asali arobaini na saba, wa Ipole na wa Sikonge,
wameondoka na chama chao,
wao na mizinga yao mia sita na kumi,
kilo zao, madeni yao, namba zao za simu.
Safu ya kumi na tisa,
palipoandikwa Misozi Mayunga, mizinga kumi na minne,
peupe.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko.
Mama huyo, na ndoo ya lita ishirini,
kanga inanuka moshi,
uvimbe mmoja chini ya jicho la kushoto.
"Mbona unanitazama kama umeona mzimu?"

Nikamweleza, kwa kubabaika.
Akacheka mpaka akaketi.
"Nani kakwambia chama kilinizaa?
Kilinikuta na mizinga yangu minane.
Niliingia kwa miguu yangu, nikalipa kiingilio;
kimekufa, nimetoka kwa miguu ileile.
Lete sufuria, ndoo inavuja."

Usiku nikaipasua programu tumbo.
Kosa halikujificha,
lilikuwa limekaa pale kama mgeni asiyejua kuaga:
nilimwandika kila mwanachama ndani ya chama,
aumbwe humo, aishi humo, azikwe humo,
kama sega na mzinga.
Mzinga ukiungua, usiulize sega.

Yapo mambo ya namna hiyo, sikatai.
Kilo za risiti ni za risiti ile;
ikichanika, hazina pa kulala.
Lakini mama si sega.

Toka stesheni ikaja sauti ya chuma kugonga chuma.
Wanapanga mabehewa.
Yametoka Dar yameshikana kama ukoo,
hapa Tabora yanafunguliwa:
haya ya Mwanza, yale ya Mpanda,
yaliyobaki yaendelee Kigoma.
Treni iliyofika jioni haipo tena,
jina lake limepanguswa ubaoni kwa kitambaa,
na hakuna behewa lililokufa.
Yanangoja kichwa kingine.

Nikaandika upya.
Chama kisiumbe mtu. Kimpokee.
Mtu aumbwe nje, asimame,
na chama kishike anwani yake tu,
karatasi mkononi, si mtu mfukoni.
Siku ya kufa, kifungue kiganja.

Na mrina na mnunuzi je,
mama na Bwana Shabani wa Kanyenye?
Hao hata chombo kimoja hawana.
Wanajuana. Yeye ana namba ya mama, mama ana yake,
hakuna anayekaa ndani ya mwenzake.
Wakikosana, zinafutika namba mbili,
watu wawili wanabaki wakinuniana sokoni.

Hapo vidole vilisimama.
Nilimkumbuka Mihambo, aliyepanda la Mwanza mwaka juzi,
na mimi, kwa miezi minane,
nikajihesabu miongoni mwa vilivyofutwa.
Feni ikazunguka. Nikaendelea.

Alfajiri nikarudisha nakala ya Jumapili,
nikakiumba chama, nikawaingiza watu wote,
nikakiua.
Nikafungua orodha huku nimefumba jicho moja.
Arobaini na saba. Wote wima.
Nikambeba mama hadi kwenye kioo, kwa furaha, karibu nimwangushe.
"Soma! Safu ya kumi na tisa! Chama hakipo, wewe upo!"

Akavaa miwani. Akasoma polepole,
mdomo ukifuata herufi.
"Umekosea," akasema.
"Ni kumi na mitatu.
Mmoja umebomolewa na nyegere."