Hadi Dirisha la Jikoni

Siku ya tano ya mwezi, benki huamka kabla yangu.
Nikifika jikoni kuwasha gesi
fedha imeshatoka, kimya,
kama mgeni asiyeaga.

Tulisaini hapa Miskolc, mwezi wa Mei, miaka saba iliyopita.
Karani alitupa kahawa na biskuti mbilimbili,
akasema faranga ya Uswisi haina makuu,
riba yake hata mtoto ataibeba.
Dezső akacheka. Nami nikacheka.
Faranga yenyewe hatukuwahi kuiona,
si noti, si sarafu;
tuliikopa kwa jina, tukapewa forinti,
na kwa forinti tukanunua vyumba vitatu,
bafu lenye kigae kilichovunjika,
na mti wa cheri uliokuwa haujazaa.

Mwaka wa kwanza binti yetu Zselyke aliuliza,
"Sasa hii ni yetu?"
Dezső akapiga hesabu kwa vidole,
akachukua chaki, akachora mstari sakafuni nyuma ya mlango:
"Hadi hapa ni yetu. Kwingine bado ya benki."
Ikawa mchezo. Kila Desemba, chaki,
na mstari ukasogea: ukapita viatu,
ukapita tunapoangika makoti,
hadi tukafika dirisha la jikoni.
Siku ile nilioka keki ya mbegu za popi
nikaila nimesimama pale dirishani,
kwenye sakafu yangu.

Kisha faranga ikapanda.
Sijui ilipanda kwa ngazi gani.
Nyumba haikuongezeka hata tofali,
kigae kilibaki kimevunjika palepale,
lakini barua ilisema tunadaiwa
kuliko siku ile tuliyokula biskuti.
Na Dezső, asiyejua kusema uongo hata kwa mtoto,
alikaa Desemba ile na chaki mfukoni
asiichomoe.
Zselyke ndiye aliyeufuta mstari, kwa mkono wa sweta,
kisha akaenda kulala bila kuitwa.

Dawa ya deni kulipa.
Nimeinywa dawa hiyo asubuhi na jioni:
nimelipa benki kwa kadi, kadi kwa mshahara,
umeme kwa pete ya mama,
gesi kwa fedha za wifi yangu Piroska,
ambaye siku hizi akija hukaa ukingoni mwa kiti
na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu.
Friji tuliyoikopa ilikufa kabla ya malipo yake kwisha.
Tunalipia maiti. Bado miezi kumi na moja.

Nyumba ya Gáspár, inayotazamana na yetu,
ilipigwa mnada Februari.
Alikoga, akavaa tai,
akafagia theluji mlangoni kabla dalali hajafika,
akamwaga na chumvi, asije akateleza mtu.
Nilimwona kwa nyuma ya pazia. Sikutoka.
Bado sijui kwa nini sikutoka.

Dezső hurudi kutoka zamu ya ghalani saa nane za usiku.
Hujifanya nimelala, naye hujifanya ameamini.
Humsikia akivuta droo ya barua
ambazo hatuzifungui,
akairudisha polepole,
kama anayefunika mtoto.

Jana upepo ulibomoa mfereji wa paa.
Nikamkuta juu ya ngazi, misumari mdomoni,
nikamwambia, kwa ukali ambao sikuukusudia:
"Unamtengenezea nani? Huo ni mfereji wa benki."

Akaitoa misumari, mmoja mmoja,
akaitia mfukoni penye chaki.
"Mfereji ni wa benki," akasema.
"Mvua ni yetu."

Nikaishika ngazi. Ilikuwa ikitikisika.