Fomu ya Mmbone

Karatasi imetoka shule, imekunjwa mara nne,
ina mistari kumi na miwili, na hakuna hata mmoja unaouliza
gunia la mahindi ni bei gani siku hizi pale Luanda.

Mwalimu Asava alitueleza mkutanoni, sisi wazazi
tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni:
kwanza njia — sayansi, ama jamii, ama sanaa na michezo —
kisha shule, kisha ipi itangulie ipi,
maana mashine husoma kutoka juu ikishuka
kama mtu anayeteremka ngazi gizani;
mguu ukikanyaga penye nafasi, hapo hapo husimama.
Kavaya wa kinu cha posho akainua mkono:
"Na nikiandika moja tu, ile ile, mara kumi na mbili?"
Tukacheka. Mwalimu hakucheka.
Alisema kuna mzazi aliyewahi kujaribu.

Usiku nimekaa na taa ya sola,
fomu huku, daftari la madeni huku.
Shule ya tano: godoro, sanduku la bati, nauli hadi ng'ambo ya Eldoret.
Ya saba sijawahi kufika, lakini jina lake lina baridi.
Ya tisa ndiko alikosoma kijana wa jirani, akarudi anaendesha boda,
na Kiingereza chake ni kitamu sana anapokataa kupunguza nauli.

Nikarudi juu, nafasi ya kwanza.
Ameandika shule ya kutwa, hii hapa baada ya kijito,
kengele yake naisikia nikipalilia,
maabara yake ni kabati moja lenye kufuli.
Mmbone!
Huyu aliyefungua redio ya babake,
akaitandaza yote mkekani, akairudisha,
zikabaki skrubu mbili na sauti safi kuliko mwanzo.

Nikainamisha karatasi kwenye mwanga.
Chini ya jina hilo pana jina jingine, limefutwa.
Penseli imekwenda, mkwaruzo umebaki:
naona mkia wa herufi moja, bega la nyingine,
nazipapasa kwa ncha ya kidole
kama atafutaye jiwe kwenye maharagwe.
Ni ile ya mbali. Ile ya maabara tatu na karo
ambayo sijaitamka ndani ya nyumba hii
ila usiku mmoja, kwa simu, nikidhani amelala.

Kumbe mtoto hulala masikio yakiwa macho.

Sahihi ya mzazi, hapa kwenye nukta nukta.
Kalamu ninayo. Babake yuko Naivasha kwenye maua;
amesema, wewe ndiye uliye karibu, amua.
Nani alimwambia kuwa karibu ndiko kuona?

Asubuhi sikumwamsha.
Nilipita njia ya mtoni, umande hadi magotini,
nikamkuta Mwalimu anahangaika na kufuli ya ofisi.
Sikumwambia nina pesa; sina.
Sikumwambia Mungu yupo; anajua.
Nilimwomba kifutio.

Akapekua droo mpaka chini, akanipa
kipande kilichobaki, kadiri ya punje ya hindi.
Wiki hii, akasema, si wewe wa kwanza.